Anna Qabale Duba: Muuguzi wa Marsabit aliyeongoza bila kupigiwa kura

Uchaguzi mkuu wa 2027 unakaribia, na wanaotaka viti wameanza kupita vijijini mwetu na ahadi. Kabla hatujawapima, tumtazame mtu aliyekuwa kiongozi bila kumwomba yeyote kura: Anna Qabale Duba, muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya.

Wengi walimsikia Mei 2022, aliposhinda tuzo ya kimataifa ya wauguzi ya Aster kule Dubai, yenye dola 250,000 za Marekani. Wauguzi zaidi ya 24,000 kutoka nchi 184 walikuwa wameiwania. Ila tuzo hiyo ilimkuta kazi ameshaianza.

Alikotoka

Qabale alizaliwa katika jamii ya wafugaji, katika familia ya watoto 19, na ndiye binti pekee wa familia hiyo aliyesoma. Amesimulia mwenyewe hadharani kwamba alikeketwa akiwa na miaka 12, na akiwa na miaka 14 akaponea chupuchupu kuozwa. Shule ndiyo iliyomwokoa.

Angeweza kupata cheti chake na kubaki mjini. Badala yake alirudi kijijini kwao Torbi akasaidia kuanzisha shule. Asubuhi wanasoma watoto. Mchana wanaingia watu wazima ambao hawakuwahi kusoma. Shirika alilolianzisha nalo linapigania elimu ya wasichana, huwapa sodo ili wasikose masomo, na hupinga ukeketaji na ndoa za mapema.

Kwa nini alisikilizwa?

Sheria ipo. Tangu 2011, anayemkeketa msichana anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo inakataza kumwoza aliye chini ya miaka 18.

Na hatua zimepigwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulionyesha kuwa asilimia 21 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulionyesha asilimia 15. Lakini huo ni wastani wa nchi nzima, na katika baadhi ya kaunti za kaskazini hali bado ni mbaya zaidi.

Ndipo tunapoona thamani ya mtu kama Qabale. Polisi hawezi kulala katika kila manyatta. Uamuzi kuhusu binti hufanywa nyumbani, na baba, mama na nyanya. Wakili wa mjini akiwaambia waache, watamwona mgeni. Akiwaambia binti yao, anayejua uchungu wenyewe na anayewatibu watoto wao, ni vigumu kumpuuza. Na kwa kuwafundisha wazazi kusoma, hakuwaacha nyuma ya watoto wao. Mzazi anayeweza kusoma kadi ya kliniki ya mwanawe hahitaji kusukumwa sana ili aone faida ya shule.

Mtu mmoja hatoshi

Hata hivyo, tusijidanganye. Marsabit ni miongoni mwa kaunti kubwa zaidi nchini, na muuguzi mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kufika kila kijiji. Tuzo nazo haziji kila mwaka.

Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mwaka 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba. Malipo yao yalipangwa kuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hao ni majirani zetu. Wakilipwa na kupewa vifaa, kila kijiji kitakuwa na Qabale wake. Wakitelekezwa, watachoka.

Kwa hiyo mgombea akifika kwenye baraza lenu, msiridhike na kofia na fulana. Mwulizeni: wahamasishaji wa hapa wanalipwa kwa wakati? Zahanati yetu ina wauguzi wangapi? Wasichana wangapi waliacha shule mwaka jana, na wewe ulifanya nini?

Na mumtazame pia yule muuguzi, mwalimu au mhamasishaji ambaye tayari anafanya kazi hiyo kimya kimya. Huenda kiongozi mnayemtafuta mmeshamzoea.