Mazoezi Yaambatane na Burudani

Kila ifikapo Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani, wananchi huhimizwa kutembea na kupunguza unene. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda usiopungua dakika 150 kwa wiki. Ushauri huo ni wa haki, wala hatuna ugomvi nao. Tunachotilia mashaka ni namna unavyotolewa.

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu huambiwa kwamba asipotembea huenda akapofuka, akakatwa mguu au akapooza. Huenda nyumbani na hofu yake, akatembea wiki mbili, kisha akaacha. Arudipo kliniki huitwa mvivu. Nasi humu ofisini hatuna ubavu wa kumcheka, kwa kuwa tunazijua jozi kadhaa za raba zilizonunuliwa Januari ambazo ilipofika Machi zilikuwa zimelala chini ya meza. Kwa maoni yetu, ni kosa kudhani kwamba hofu peke yake yaweza kumwamsha mtu alfajiri kila siku ya maisha yake. Madhara ya kutotembea yako mbali, lakini utamu wa usingizi uko papo hapo.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili. Wasukuma walipolima kwa vikundi hawakulima kimya. Ngoma ya bugobogobo ilipigwa, majembe yakapanda na kushuka kwa mdundo wake, na kijana aliyevutwa na ngoma akajikuta amelima hadi mwisho wa shamba. Katika nyumba nyingi, mahindi yalipukuchuliwa usiku huku hadithi zikisimuliwa, na aliyetaka kusikia mwisho wa hadithi sharti awe na gunzi mkononi.

Wataalamu wamelipima jambo hilohilo. Mwaka 2014, Katherine Milkman na wenzake wawili walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kwa watu 226. Kundi moja lilipewa riwaya za kusisimua zilizorekodiwa, kwa sharti kwamba zisikilizwe ndani ya ukumbi wa mazoezi tu. Mwanzoni kundi hilo lilihudhuria mara nyingi zaidi, kwa asilimia 51, kuliko kundi lisilowekewa mpango huo. Lakini nguvu hiyo ilipungua wiki hadi wiki, na baada ya likizo ya Novemba karibu yote ilikuwa imetoweka.

Hivyo tusidanganyane kuwa hii ni dawa ya milele. Hata hivyo gharama yake ni ndogo. Mpenzi wa Simba au Yanga na ajiwekee sharti kwamba uchambuzi wa mpira hausikilizi ila akiwa anatembea. Mwenye kupenda taarab, au tamthilia ya redio, afanye vivyo hivyo, mradi asizibe masikio yote mawili kando ya barabara kuu. Asiyependa redio atafute jirani mwenye maneno mengi. Soda mbili na sahani ya chipsi baada ya matembezi si burudani tunayoisemea hapa.

Tunawaomba wauguzi na waganga wa kliniki zetu walizingatie hili. Mgonjwa anapofika, pamoja na kupimwa sukari, aulizwe anapenda nini na anatembea na nani, na jibu liandikwe kwenye kadi yake. Na kwa kuwa sikukuu ndizo zinazovunja mazoea, apangiwe kabisa, kabla ya Idi au Krismasi, siku ya kuanza tena, na kipindi gani cha redio kitakachomtoa nyumbani asubuhi hiyo.