Ugomvi wa Sukari na Shira

Muhula mmoja wanafunzi wa shule ninayofundisha walifanya mdahalo. Mada ilikuwa hii: sukari ya miwa ni bora kuliko shira ya mahindi itumiwayo Marekani. Upande uliotetea sukari ulisema kwa ufasaha mkubwa. Msemaji wao wa kwanza alieleza kwamba Wamarekani wamenenepa kwa sababu soda zao hutiwa shira itokayo katika mahindi, na kwamba sisi tumesalimika kwa sababu soda zetu hutiwa sukari, ambayo ni zao la ardhi na tunu ya Mungu. Alishangiliwa mno. Mimi nilikuwa mwenyekiti, nami nakiri kwamba nilipiga makofi pamoja na wengine. Jioni ile washindi walikwenda dukani kusherehekea ushindi wao, na kila mmoja wao alikunywa chupa mbili za soda.

Nilipoziona chupa zile mikononi mwao nilitambua kosa letu. Vijana wale walikuwa wameshinda katika maneno na kushindwa katika jambo lenyewe. Kwa hiyo nakuandikia wewe, msomaji, yale ambayo ilinipasa niyaseme siku ile kabla ya kupiga makofi. Nasema kwamba ugomvi baina ya sukari na shira ni ugomvi wa wauzaji wanaogombea soko. Mnywaji ajiungaye na upande mmoja wa ugomvi huo, akasahau kuhesabu vijiko, amepotea, uwe upande wowote ule.

Tuanze na vitu vyenyewe, maana haifai kuhukumu tusilolijua. Sukari nyeupe, iwe ya miwa au ya viazisukari, imefanyika kwa sehemu mbili zilizoshikana. Moja huitwa glukosi na ya pili huitwa fruktosi, nusu kwa nusu. Ukiila, vimeng'enya vya utumbo huikata pale ilipoungana, na kila sehemu huingia mwilini peke yake.

Shira ya mahindi huanza kwa wanga, na wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi tupu. Mwaka 1811 mkemia Gottlob Kirchhoff, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa St. Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba wanga ukichemshwa pamoja na asidi hukatika ukawa shira tamu. Walakini utamu wa shira hiyo haukuufikia utamu wa sukari, na hali ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka 140. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Richard Marshall na Earl Kooi, walitangaza kwamba wamepata kimeng'enya kiwezacho kugeuza glukosi kuwa fruktosi, ambayo ni tamu zaidi. Wataalamu wa Japani waliiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1960, na mwaka 1967 kiwanda kimoja cha jimbo la Iowa kikaanza kuuza shira ya namna mpya. Ile itiwayo aghalabu katika soda ina sehemu 55 za fruktosi katika kila 100 za utamu wake, na karibu zote zilizobaki ni glukosi. Ile itumiwayo sana katika mikate na vyakula vingine vya viwandani ina sehemu 42.

Sasa linganisha mwenyewe. Sukari ni 50 kwa 50. Shira ya soda ni 55 kwa 45 au pungufu kidogo. Gramu moja kavu ya sukari hutoa kalori kama 4, na gramu moja kavu ya shira hutoa kadiri hiyo hiyo. Tena liko jambo ambalo watetezi wa sukari hawapendi kulitaja. Soda ni kinywaji kichachu, na uchachu huo huanza kuikata sukari ndani ya chupa hata kabla hujaifungua. Soda ya sukari ya miwa ikikaa ghalani kwa miezi, sehemu kubwa ya sukari yake imekwisha tengana ikawa glukosi na fruktosi mbalimbali. Imekuwa jamaa wa karibu wa shira ile inayotukanwa.

Utauliza: kama vitu hivi vinafanana hivyo, kwa nini Wamarekani waliacha kimoja wakashika kingine? Jibu limo katika mfuko wa fedha. Serikali ya Marekani iliwalinda wakulima wake wa miwa na viazisukari kwa kuzuia sukari ya nchi za nje, na tangu mwaka 1982 iliweka kiwango maalumu cha sukari iliyoruhusiwa kuingia. Bei ya sukari nchini humo ikawa juu kuliko bei ya dunia. Wakati huo huo mahindi yalikuwa tele, na wakulima wake walikuwa wakisaidiwa na hazina ya serikali. Shira ikawa rahisi na sukari ikawa ghali. Mwezi wa Novemba 1984 Coca-Cola na Pepsi, ambazo zilikuwa zimekwisha anza kuchanganya, zilitangaza kwamba soda zao za Marekani zitatiwa shira badala ya sukari. Huko Mexico mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo iliweka kodi ya asilimia 20 juu ya vinywaji visivyotiwa sukari ya miwa, ili kulinda miwa yao, na Marekani ikashitaki katika Shirika la Biashara Duniani, ikashinda mwaka 2006. Katika mivutano yote hiyo serikali moja ililinda mkulima wake, na nyingine ililinda wake. Tumbo la mnywaji halikuwa na wakili.

Hata hivyo, mpinzani wangu ana hoja moja nzito, nami sitaificha. Mwaka 2004 wataalamu watatu, George Bray, Samara Nielsen na Barry Popkin, waliandika kwamba matumizi ya shira Marekani yaliongezeka katika miaka ile ile ambayo unene wa watu uliongezeka, na kwamba yamkini la kwanza lilichangia la pili. Makala hiyo ilienea sana, na watu wengi walitoka nayo wakidhani kwamba shira imehukumiwa.

Lakini wazee wetu wamesema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limezaa la pili. Matumizi ya shira hiyo kwa kila mtu Marekani yalifika kilele mwaka 1999, kisha yakaanza kushuka. Je, unene ulishuka nayo? La hasha, uliendelea kupanda. Katika nchi za Umoja wa Ulaya shira ya namna hii iliwekewa mpaka mkali hadi mwaka 2017, hata ikawa sehemu ndogo tu ya utamu ulioliwa huko. Je, Ulaya ilisalimika na unene na kisukari? Haikusalimika. Na majaribio yaliyowalisha watu sukari kwa upande mmoja na shira kwa upande wa pili, kwa kadiri moja, hayakuonyesha tofauti ya maana katika uzito wa miili yao. Fruktosi nyingi huenda katika ini, na ikizidi mahitaji ini huigeuza mafuta. Ini haliulizi kama fruktosi hiyo ilitoka shamba la miwa au shamba la mahindi.

Mpinzani wangu akishindwa hapo hukimbilia neno "asili". Husema kwamba sukari ni kitu cha asili na shira ni kitu cha kiwanda. Mtu wa maneno hayo na aende siku moja katika kiwanda cha sukari. Ataona miwa ikisagwa, maji yake yakitiwa chokaa, yakichujwa, yakichemshwa hadi yakaganda, kisha yakazungushwa katika mashine kwa kasi mpaka molasi ikatoka na chenga zikabaki. Kitu cha asili ni muwa unaoutafuna kwa meno, ukachoka taya kabla hujamaliza pingili tatu. Machovu hayo ya taya ndiyo ulinzi wako. Kiwanda kimekuondolea machovu na kukuachia utamu, sawasawa na kile cha mahindi.

Wauzaji wenyewe wanaujua ukweli huu, ndiyo maana vita vyao vimekuwa vita vya majina. Mwaka 2010 chama cha wasaga mahindi wa Marekani kiliiomba serikali iruhusu shira yao iitwe sukari ya mahindi, kwa kuwa jina la zamani lilikuwa limechafuka. Mwaka 2012 ombi hilo lilikataliwa. Kabla ya hapo, mwaka 2011, watengeneza sukari walikuwa wamewashitaki mahakamani kwa sababu ya jina hilo, na kesi ikaisha kwa mapatano mwaka 2015. Ungedhani watengeneza sukari ni watu wa haki. Basi sikiliza hili. Mwaka 1965 taasisi ya wafanyabiashara wa sukari Marekani iliwalipa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard waandike makala juu ya maradhi ya moyo. Makala ilitoka mwaka 1967, ikayatupia lawama mafuta na kuipunguzia sukari, na malipo yale hayakutajwa. Siri ilifichuliwa mwaka 2016. Ndipo nakumbuka methali isemayo kwamba penye urembo ndipo penye urimbo.

Hata leo mchezo haujaisha. Mwezi wa Julai 2025 Rais Trump alisema kwamba Coca-Cola imekubali kutumia sukari ya miwa Marekani, na kampuni ikatangaza kwamba itaongeza soda ya namna hiyo katika bidhaa zake za huko. Watu walifurahi kana kwamba wameletewa dawa. Walakini kopo la soda la Marekani, lenye mililita 355, lina gramu 39 za utamu. Ukitoa shira ukatia sukari kwa kadiri hiyo hiyo, umebadili nini ila karatasi ya nje?

Nilikuwa na mjomba aliyelima miwa karibu na Muhoroni. Alikuwa mtu hodari, mcheshi na mkarimu, na chai yake ilitiwa vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe. Soda aliipenda pia, na mgeni wake hakuondoka bila kuletewa chupa. Alipofika umri wa miaka 50 na kitu alipatwa na kisukari, na mwishowe alikatwa mguu. Sisemi kwamba vijiko vile peke yake ndivyo vilivyomwuguza, maana ugonjwa huo una sababu nyingi, na urithi ni mojawapo. Lakini najua kwamba daktari alipompa orodha ya vitu vya kuacha, sukari na soda vilikuwa juu. Tena najua kwamba kama angesikia mdahalo wa wanafunzi wangu angefarijika bure, kwa kuwa utamu wake wote ulitoka katika miwa.

Basi hesabu vijiko. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari iliyotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isifike asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikipungua chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 5 ni gramu kama 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda nyingi za kola zina gramu 10 au 11 katika kila mililita 100. Chupa moja ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Kijana aliyekunywa chupa mbili jioni ile ya ushindi alikunywa vijiko 15 au zaidi kwa mkupuo, mbali na chai ya asubuhi.

Jifunze pia kusoma karatasi ya chakula. Vitu huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Muuzaji mwerevu akitaka utamu usionekane juu ya orodha huugawa katika majina mengi: sukari, shira ya glukosi, dekstrosi, molasi, asali. Kila jina likawa dogo, na jumla yake ikawa kubwa. Wewe yajumlishe.

Nimeulizwa na mwalimu mwenzangu kama nataka kuwaangamiza wakulima wa miwa. Sitaki. Mkulima wa miwa anastahili kulipwa kwa wakati na kwa bei ya haki, kwa kuwa jasho lake ni la kweli. Lakini haki yake haihitaji uongo juu ya afya za watoto wake mwenyewe. Wala sikukatazi soda siku ya arusi au ya sikukuu. Nakukataza kudanganyika kwamba chupa ya kila siku ni salama kwa sababu ya shamba ilikotoka.

Muhula ujao tutafanya mdahalo tena. Nimebadili mada. Hatutauliza tena utamu upi ni bora, tutauliza kiasi gani chatosha. Na mezani pa mwenyekiti, mahali pa chupa za soda, nitaweka mtungi wa maji na vikombe vya kuwatosha washindi na walioshindwa.