KARATA INAPANDA YENYEWE? WANA MAFIA, HAPO HAKUNA JINI!

Kuna "mtaalamu" mmoja, jina kapuni, anatamba Kilindoni. Mvuvi anachagua karata, inarudishwa katikati ya pakiti, mara inapanda yenyewe taratibuu! Jamaa anasema jini limejibu, toa hela usafishwe nyota. Na watu wanatoa!

Jamani, huo ni uzi. Uzi mwembamba mweusi, kwenye mwanga hafifu huuoni. Wengine hawana hata uzi, wanaisukuma karata kwa kidole kwa nyuma. Howard Thurston wa Marekani alipata umaarufu kwa karata zinazopanda zaidi ya miaka 100 iliyopita, ila yeye aliuza tiketi, hakuuza hirizi.

Mwaka 1584 Reginald Scot wa Uingereza aliandika kitabu kufichua viinimacho, maana watu walikuwa wananyongwa eti wachawi. Leo sisi bado tunapigwa! Ukiamini karata ina jini, kesho utaamini bibi wa jirani ndiye aliyekuroga. Bibi huyo atapona kweli?

Mtaalamu, kama ni jini kweli: taa iwashwe, kunja mikono ya shati, karata tununue sisi dukani. Tuone kama itapanda.

Wadau mnasemaje?