Kuingia bila viza hakutoshi

Mkenya anayekuja Dar es Salaam hahitaji viza, na Mtanzania anayevuka Namanga au Horohoro kwenda Kenya naye hahitaji. Jambo hilo lilimalizwa na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010. Hata Kenya ilipoanza kudai idhini ya kielektroniki kwa wageni Januari 2024, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuguswa. Kwa anayekumbuka mwaka 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya na kuuacha umefungwa hadi 1983, hatua hiyo si ndogo. Hata hivyo, swali analojiuliza msafiri leo limebadilika. Anajua atagongewa muhuri. Asichojua ni nani atamlinda baada ya muhuri huo, na kama atakataliwa, nani atamweleza sababu.

Ibara ya 7 ya Itifaki ilikwisha kulijibu swali hilo. Inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, na papo hapo inampa ulinzi kwa mujibu wa sheria za nchi aliyofikia. Nchi inaruhusiwa kumzuia mtu kwa ajili ya usalama, afya au sera ya umma, lakini ikifanya hivyo inapaswa kuzijulisha nchi wanachama wenzake. Serikali zetu zimeishika sana ruhusa ya kuzuia na kuuacha wajibu unaoandamana nayo. Mei 2025, kesi ya uhaini ya kiongozi wa upinzani Tundu Lissu ilipokuwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwanasiasa wa Kenya Martha Karua na Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, Willy Mutunga, walirudishwa kutoka uwanja wa ndege. Wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda waliruhusiwa kuingia, kisha wakakamatwa. Siku chache baadaye Mwangi alipatikana Ukunda, pwani ya Kenya, naye Atuhaire akaachwa mpakani Mutukula. Wote wawili wanasema waliteswa na kudhalilishwa kingono, na wamefungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Polisi wa Dar es Salaam waliyaita madai hayo maneno ya kusikia.

Serikali ilisema haitakubali wanaharakati wa nje waje kuvuruga amani. Hoja hiyo ina uzito: hakuna nchi inayolazimika kumpokea kila anayebisha hodi, na kumrudisha mtu uwanjani ni mamlaka halali. Lakini aliyekwisha kuingia akituhumiwa kosa hupelekwa mahakamani, na asiyetakiwa hukabidhiwa kwa ubalozi wake au hupandishwa ndege kwa maandishi. Kumkamata mtu na kumwacha usiku mpakani hakumo katika sheria yoyote ya Uhamiaji. Usalama wa taifa hauongezeki kwa njia hiyo hata chembe.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya wanasiasa na hayamhusu mfanyabiashara. Yanamhusu sana. Maduka ya Kariakoo yanategemea wanunuzi wa Kongo, Zambia, Malawi na Burundi, na wenye maduka walipogoma Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja, moja ya malalamiko yao lilikuwa bughudha inayowakimbiza wateja wa nje. Mnunuzi hatofautishi askari wa kodi na askari wa siasa. Anachopima ni kama mkono uliomshika unajibika popote. Na hata pale tulipotumia sheria iliyoandikwa, tuliipindisha. Amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo saluni, kutengeneza simu na kuhamisha fedha kwa simu, imetaja adhabu yake waziwazi: faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Kilio cha wachuuzi wetu kilikuwa cha kweli, hasa kuhusu wageni wa kutoka mbali wanaouza rejareja. Ila amri haikumtenganisha raia wa Jumuiya, ambaye Itifaki ileile inamruhusu kuanzisha biashara, na Kenya ikalalamika.

Wala Kenya haina mikono safi. Juni 2019 mbunge wa Starehe wa wakati huo, Charles Njagua, alitishia hadharani kuwatoa kwa nguvu wafanyabiashara wa kigeni jijini Nairobi, Watanzania wakiwamo. Bunge letu lilipandwa na hasira, serikali ya Kenya ikajitenga naye, na mbunge huyo akakamatwa. Wakati ule tulidai kwamba Mtanzania wa soko la Gikomba, Nairobi, alindwe na sheria za Kenya. Tulikuwa na haki kabisa kudai hivyo.

Basi Wizara ya Mambo ya Ndani ianze na jambo moja lisilohitaji bajeti wala mkataba mpya: kila raia wa Afrika Mashariki anayezuiwa au kuondolewa nchini apewe barua yenye sababu na jina la ofisa aliyeamua, na nakala ifike ubalozi wake siku hiyohiyo. Nairobi na Kampala zidaiwe vivyo hivyo kwa Mtanzania.