Afya Nyumbani: Homoni bila mazoezi haijengi misuli



Katika vikundi vyetu linazunguka swali moja: mtu aliyeumia mgongo na kupooza miguu, akipigwa sindano za homoni, atatembea tena? Linaulizwa na mama ambaye kijana wake alianguka na pikipiki, na yule ambaye bwana yake alipigwa risasi. Tunataka kulijibu vizuri, maana jamaa inaweza kuuza mbuzi na shamba kwa ajili ya tumaini lisilokuwapo.

Tuanze na mwili. Ndani ya uti wa mgongo inapita kamba ya mishipa ya fahamu inayobeba amri kutoka ubongo mpaka miguuni. Kamba hiyo ikipondwa au kukatika, amri hazifiki. Misuli isiyofanya kazi inakonda tangu majuma ya kwanza, na mifupa ya miguu inapoteza nguvu. Tena, wanaume wengi walioumia hivyo wanapungukiwa na testosteroni, homoni ya kiume inayousaidia mwili kujenga misuli. Ndiyo sababu wataalamu walijiuliza: tukiirudisha homoni hiyo, misuli nayo itarudi?

Huko Richmond, Marekani, katika hospitali ya wanajeshi wa zamani, mtaalamu Ashraf Gorgey na wenzake walijaribu jambo hilo na kutangaza matokeo mwaka 2019. Walichukua wanaume 22 waliopooza. Wote walibandikwa vibandiko vya testosteroni kwenye ngozi kwa majuma 16. Lakini kundi moja tu lilifanya pia mazoezi mara mbili kwa juma: umeme hafifu uliamsha misuli ya paja, mguu ukanyooka huku umefungwa uzito kwenye kifundo. Misuli ya waliofanya mazoezi iliongezeka. Wale wa vibandiko peke yake hawakupata faida hiyo.

Somo ni wazi. Homoni ni kama samadi: ukiimwaga shambani ambako hakuna aliyepanda, huvuni kitu. Na hata pale misuli ilipoongezeka, kamba ya mgongo haikuungana. Faida iko kwenye misuli na afya ya mwili, nayo si ndogo. Lakini anayeahidi kwamba sindano itamwinua mtu atembee, anadanganya.

Homoni hii ina hatari zake pia. Ikitoka nje ya mwili, inapunguza mbegu za uzazi za mwanaume, jambo zito kwa kijana anayetaka watoto. Inaweza kuifanya damu kuwa nzito. Mwanamke mwenye mimba asiiguse kabisa, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo inatolewa na daktari tu, baada ya kupima damu na kuona kweli imepungua, na kipimo kinarudiwa. Anayeuza sindano bila kupima damu, tumkatalie.

Basi nyumbani tufanye nini? Mashine ya umeme hatuna, lakini kuna kazi inayowezekana kila siku. Tumwombe mtaalamu wa kinesiterapi atuonyeshe jinsi ya kukunja na kunyoosha kila kiungo pole pole. Tusilazimishe mguu, kwa sababu mfupa dhaifu unavunjika kwa jambo dogo. Mgonjwa aimarishe mikono kwa kuinua chupa zilizojaa mchanga, na kujiinua kwenye kiti mara kwa mara. Kitandani tumgeuze kila saa 2, usiku pia, na kila siku tuangalie ngozi ya visigino, nyonga na matako. Pakiwa pekundu au peusi, pasilaliwe tena mpaka papone.

Tujue pia dalili moja ya hatari. Aliyeumia juu, shingoni au kifuani, akishikwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho, tumkalishe wima, tulegeze nguo, tuangalie kama kibofu kimejaa au mpira wa mkojo umejikunja. Isipotulia, tumkimbize hospitali.

Kwa ushauri, Bukavu kuna Heri Kwetu na Goma kuna Shirika la Umoja, vituo vinavyojulikana kwa kuwahudumia watu wenye ulemavu.

Tunaomba vikundi vikae juu ya jambo hili. Pesa ya likelemba iliyotaka kununua sindano inaweza kulipa safari za kwenda kwa kinesiterapi, au godoro zuri. Na mama anayemgeuza mgonjwa usiku kucha naye anachoka. Tupange zamu, mmoja wetu ampokee siku moja kwa juma ili apate kulala.