Filamu Nzuri, kwa Nani?

Kurasa za katikati za toleo hili tumewaachia watazamaji. Humo mtakuta maoni ya watu wa Kasense na kata jirani za Manispaa ya Sumbawanga kuhusu filamu walizoziona: za Kibongo, za Kihindi, za Kichina, za Kizungu, mpya na za zamani. Hakuna hata mmoja wao anayeishi kwa kalamu. Yumo muuza mitumba, fundi pikipiki, mwalimu wa shule ya msingi, mkulima wa maharage na mabinti wawili wa kidato cha tano. Tulipokuwa tunalipanga toleo, watu tunaowaheshimu walituuliza kwa nini tuwape nafasi kubwa namna hii watu ambao hawakusomea sanaa, ilhali wahakiki wapo. Swali lao ni la haki, na linastahili kujibiwa hadharani.

Mhakiki aliyesomea kazi yake hutuambia filamu imetengenezwa vizuri au vibaya, na kwa nini. Tunamhitaji, na kazi zake tutaendelea kuzichapisha. Lakini mtu mwenye shilingi mia tano mfukoni na jioni moja ya kupumzika ana swali lake tofauti. Anataka kujua kama filamu hiyo itamfaa yeye, leo, pamoja na hao atakaokaa nao. Swali hilo halijibiwi na nyota tano wala na orodha ya tuzo. Linajibiwa na mtu aliyeiona filamu na anayekufahamu, au anayewafahamu watu walio katika hali kama yako.

Nendeni kwenye kibanda chochote cha kuwekea watu muvi kwenye flashi. Kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta haanzi kwa kuuliza unapenda nini. Anakuuliza, "Unaenda kuangalia na nani?" Ukimjibu kwamba ni watoto, anaruka mafaili mengi bila kuyagusa. Ukimwambia baba mkwe yupo nyumbani, anafikiri kidogo kisha anakuwekea za mapigano, kwa sababu huko ni nadra kutokea jambo la kumfanya mtu ainuke atoke nje kwa aibu mbele ya mkwewe. Ukisema uko peke yako, ndipo anapouliza kama unataka iliyotafsiriwa. Najua kibanda chake kina ugomvi na haki za wasanii. Sheria ya Hakimiliki ipo tangu 1999, na jarida hili liko upande wa msanii anayeibiwa jasho lake. Hata hivyo, kwa kazi ya kumlinganisha mtazamaji na filamu, kijana huyu ana ujuzi ambao wengi wetu tunaoandika hatuna, na itakuwa hasara kama ujuzi huo utaishia kwenye kibanda chake.

Nchini kwetu swali la nani atazame nini ni la zamani, na kwa muda mrefu lilijibiwa na watu wasiokuwa watazamaji. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, ulianzishwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na chini ya usimamizi wa L. A. Notcutt na G. C. Latham. Hadi unafungwa mwaka 1937 mradi huo ulikuwa umetoa filamu 35, zikiwemo za ugonjwa wa safura, za kodi, na za faida ya kuweka akiba posta badala ya kufukia fedha ardhini. Zilipakiwa kwenye lori pamoja na mitambo yake, zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na dhana, iliyoenea sana miongoni mwa wakoloni wa wakati ule, kwamba mtu wa kijijini hawezi kuifuata filamu ya kawaida, hivyo apewe ya polepole na yenye funzo. Maoni ya watazamaji yalikusanywa, ila kilichotafutwa zaidi kilikuwa kujua kama funzo limeingia.

Siku hizi tuna Bodi ya Filamu, iliyotokana na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Inakagua filamu na kuzipanga kwa umri. Kazi hiyo ni muhimu, na mzazi yeyote aliyewahi kumkuta mwanawe wa darasa la tatu kwenye banda la kuonyeshea filamu saa nne za usiku anajua umuhimu wake. Lakini daraja la umri linaeleza nani asiingie. Halisemi nani atatoka na furaha.

Waliokaribia kulijibu swali hilo ni watafsiri wa kwenye mabanda. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alikuwa akichukua filamu ya kigeni na kuisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti yake, akieleza ya mbali kwa mifano ya karibu, akimsema mhusika mjinga, akimwonya staringi kwamba adui yuko nyuma ya mlango. King Rich naye alijijengea jina kwa kazi hiyo. Leo vijana wanatafuta muvi za DJ Mack, na Kenya wana DJ Afro. Wasomi wa nje, Mjerumani Matthias Krings akiwa mmoja wao, wameiandika sanaa hii kwa kirefu. Mimi ninachokiona kwa mtafsiri ni mtazamaji aliyepewa kipaza sauti. Anaitazama filamu akiwa na watu fulani akilini, na kila anachoongeza anakiongeza kwa ajili ya watu hao. Ndiyo maana mtu wa Kasense akiulizwa kuhusu filamu hutaja aliyeitafsiri kabla hajataja aliyeiongoza.

Nichukue mfano mmoja wa maoni tuliyoyapata, kwa sababu ndio uliotushawishi kuwapa watazamaji nafasi yote hii. Filamu ni Titanic ya James Cameron, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1997. Dunia nzima inaijua kama hadithi ya mapenzi. Mama mmoja mwenye ndugu Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ameandika kwamba wale wapenzi wawili hakuwafuatilia sana. Yeye aliangalia boti za kuokolea. Aliona mapema kuwa hazitoshi, na tangu hapo hakupata raha. Na kweli, meli ile iliyozama mwaka 1912 ilikuwa na boti 20 tu, na ndani yake walikuwemo watu zaidi ya 2,200. Mama huyu amekua akisikia habari za MV Liemba, meli ya ziwa hilo iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ndugu zake wameipanda. Tena filamu hiyo ilitufikia Watanzania wakati MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu, bado ni kidonda kibichi. Hukumu ya mama huyu ni hii: filamu ni nzuri sana, ila asiitazame mtu ambaye usiku huo ana ndugu yake majini. Wanaofaa kuitazama, anasema, ni wanaopanga safari za meli na wanaouza tiketi.

Nimesoma mengi kuhusu Titanic. Sijakutana na mhakiki aliyesema hivyo, na sasa siwezi kuifikiria filamu ile bila kuwafikiria wauza tiketi.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 filamu za kutisha zimekuwa na soko kubwa nchini. Shumileta ya Mussa Banzi, ya mwaka 2005, yenye jini la kike linalompenda binadamu, ilivuma sana, na nyingi zimefuata njia yake. Wafipa wa hapa wanazitazama kama wengine, na wengi wanazipenda. Lakini nchi nzima ina mzaha wake kuhusu Sumbawanga na uchawi, na mtu wa hapa akisafiri hadi Dar es Salaam huupokea mzaha huo hata kabla hajatua mizigo. Hivyo filamu ikimweka bibi kizee mwenye macho mekundu kuwa mchawi, hapa haitazamwi kama inavyotazamwa Kinondoni. Mwalimu mmoja katika kurasa zetu anasema wazi kwamba filamu za namna hiyo hapendi zionyeshwe kwa vijana bila mtu mzima wa kuzungumza nao baadaye. Ana sababu. Vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi katika mikoa kadhaa ya nchi hii, Rukwa ikiwemo, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo na watu walioamini maneno ya waganga. Mwalimu huyu hataki filamu zipigwe marufuku. Anataka mtazamaji aambiwe anakwenda kukutana na nini, na aliyekaa karibu naye ni nani.

Kuna hatari moja katika kuuliza filamu inamfaa nani, na sitaki tuifumbie macho. Ni rahisi swali hilo kugeuka zizi: wanawake wapewe za mapenzi, wanaume za ngumi, wazee za dini, watoto za vikatuni. Maoni tuliyoyapokea yanakataa jambo hilo karibu katika kila ukurasa. Muuza mitumba wetu, mwanamke, anampenda Schwarzenegger wa Commando kuliko mwigizaji yeyote aliye hai. Fundi pikipiki amelia kwenye Kuch Kuch Hota Hai na anawashauri wanaume wenzake waliofiwa na wake waitazame wakiwa peke yao. Kinachomtambulisha mtazamaji ni hali aliyo nayo, na hali hubadilika. Mwezi wa saba, mahindi yakiwa yameingia ghalani na baridi ya Ufipa imekaza, mtu atakaa bandani saa tatu nzima na picha la Kihindi halitamchosha. Desemba, akitoka kulima, mtu huyohuyo anataka kitu kifupi cha kumchekesha, King Majuto kwa mfano, kisha akalale. Wale mabinti wa kidato cha tano wanaisifu Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ya mwaka 2021, kwa kuwa riwaya ya Adam Shafi wanaisoma darasani na wanataka kumwona Yasmin akitembea. Wanakiri kwamba kaka yao alisinzia, na hawamlaumu, kwa kuwa alikuwa ametoka Laela na mzigo wa alizeti. Hilo ni jambo la kweli kuhusu filamu ile, kwamba inahitaji mtazamaji aliyepumzika.

Watazamaji wetu wana malalamiko pia, na watengenezaji wa filamu wayasome. Wengi wanakumbuka kwa uchungu enzi ya filamu za Kibongo kugawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, ukalipia mara mbili hadithi inayotosha mara moja. Wanahoji kwa nini filamu inayozungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho ipewe jina la Kiingereza. Wanamkumbuka mwigizaji Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012, kwa mapenzi makubwa, na bado wanaitaja Uncle JJ kuwa filamu ambayo nyumba nzima inaweza kuitazama pamoja. Hata hapo hawakubali kila kitu. Bibi mmoja anaona watoto wa kwenye filamu ile wanawajibu wakubwa vibaya, na anashauri itazamwe na wajukuu wakiwa wameketi karibu na mtu wa kuwaelekeza.

Jambo moja litawashangaza baadhi ya wasomaji wa mjini. Waandishi wetu wanasimulia filamu hadi mwisho, nani amekufa na nani ameoa, nasi hatukukata kitu. Hapa kusimuliwa hakumzuii mtu kwenda kuona. Aliyesimuliwa vizuri ndiye anayekwenda, kisha anarudi kubishana na aliyemsimulia. Waliokua wakisikiliza hadithi zilezile kila msimu wa baridi wanajua kwamba raha ya hadithi haikai kwenye siri ya mwisho wake.

Tunataka kurasa hizi ziendelee kila toleo, na tunawaomba wasomaji mtuandikie, iwe kwa barua au kwa ujumbe wa simu, kwa Kiswahili mnachokizungumza kila siku. Msituandikie kwamba filamu ni kali au ni mbovu mkaishia hapo. Tuelezeni mliitazama wapi na nani, nani alicheka, nani aliondoka kabla haijaisha na kwa nini. Kisha mtaje mtu mmoja ambaye mngependa aitazame, jirani, mwalimu, dereva, mtu yeyote, na mseme sababu. Maoni ya toleo lijalo tutayapokea kutoka Kasense, Laela, Matai, Namanyere na kokote jarida hili linakofika.