Haba na Haba Haijazi Karo

Mdogo wangu ana daftari moja analolitumia kutoka pande zote mbili. Mbele ameandika noti za wodini: dozi, dalili, jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha. Ukiligeuza, nyuma kuna hesabu za pesa. Kila mwezi una ukurasa wake, na kila ukurasa una mistari iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Kusuka nywele, kumekatwa. Mafuta ya kupaka, yamekatwa. Nauli ya hospitalini imekatwa, na pembeni ameandika "tembea". Kwenye ukurasa wa Machi kuna maneno yaliyokatwa, yakarudishwa, yakakatwa tena: chakula cha mchana.

Yuko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi, katika chuo ambacho sitakitaja, mji ulio mbali na nyumbani. Na kabla sijaanza kumrushia mtu mawe, wacha niseme ukweli: kalamu nyekundu nilimnunulia mimi. Jedwali nilimchorea mimi, Jumapili moja tukiwa kwa mama, nikijifanya mshauri wa fedha kwa sababu nina kazi ya ofisi na nimetazama video nyingi. "Ukijibana kidogo tu," nikamwambia, "karo itatoka." Akaitikia, "Sawa, dada." Akajibana.

Unazijua hizo video. Jamaa amevaa suti, amesimama kando ya gari ambalo hatuna hakika ni lake, anakuambia umaskini wako umo ndani ya kikombe cha chai. Acha smocha ya jioni. Pika githeri Jumapili, ule mpaka Ijumaa. Weka hamsini wiki hii, mia wiki ijayo, na kufika Desemba utakuwa mtu mwingine. Kwenye grupu ya familia tunarudia yale yale kwa lugha ya heshima: haba na haba hujaza kibaba.

Sawa. Hebu basi tupige hesabu, kwa sababu wanaotoa nasaha hizi huwa hawapigi.

Matumizi ya mdogo wangu kwa mwezi, kabla ya kalamu nyekundu, yalikuwa hivi. Sehemu yake ya kodi ya bedsita wanayoishi wawili, 2,500. Chakula, 4,500. Nauli, 1,200. Sabuni, pedi, mafuta na nywele, 600. Data ya simu, 500. Gesi, 400. Jumla, shilingi 9,700, ambazo mimi na mama tunachanga na kumtumia. Karo yake ni 58,000 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka: 116,000. Hapo sijaweka sare, viatu, saa ya kubandika kifuani, wala ada za usajili na mitihani.

Alipojibana kikweli, chakula kilishuka hadi 3,000, nauli hadi 400, data hadi 200, nywele na mafuta yakaondoka kabisa. Ameokoa 2,800 kwa mwezi. Zidisha mara 12: ni 33,600. Haifiki hata theluthi ya karo.

Nikajiuliza, kwani angekata nini tena ndiyo ifike? Nikajaribu kukata kila kitu. Asile, asilale ndani ya nyumba, asioge, asipande matatu, asipige simu, mwaka mzima. 9,700 mara 12 ni 116,400. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea. Ili mdogo wangu alipe karo kwa kubana matumizi, lazima aache kuishi kwa miezi 12. Akifanikiwa, atabaki na chenji ya shilingi 400.

Wahenga hawakutudanganya. Kibaba ni kipimo kidogo, robo ya pishi, na haba na haba inakijaza kweli. Waliotunga methali walijua ukubwa wa chombo chao. Sisi tumechukua methali ya kibaba tukaipeleka kwenye gunia, halafu gunia lisipojaa tunamlaumu anayechota.

Na tuwe wazi kuhusu kinachokatwa. Wanaposema "punguza starehe", wanamwazia kijana aliye kilabu Ijumaa usiku. Kwenye daftari la mdogo wangu starehe haipo. Kuna nauli. Zamu ya asubuhi wodini huanza saa moja, na kutoka bedsita hadi hospitali ni dakika hamsini kwa miguu. Kwa hivyo anatoka saa kumi na mbili kukiwa bado giza, msichana wa miaka 21, peke yake, kwenye barabara isiyo na taa, ili aokoe shilingi 30. Zile 400 za nauli zilizobaki ni za siku za mvua.

Kuna chakula. Mei alikuwa wodi ya watoto, na asubuhi moja kazi yake ilikuwa kuwaelimisha akina mama kuhusu lishe bora: wanga, protini, mboga, matunda. Yeye mwenyewe hakuwa ameweka kitu mdomoni tangu ugali wa jana usiku. Katikati ya maelezo, tumbo likanguruma, kwa sauti. Akina mama wakacheka, naye akacheka nao. Walipotawanyika, mmoja wao akamega ndizi aliyokuwa amemwekea mtoto wake, akampa nusu. "Kula, sista," akamwambia. "Na wewe ni mtoto wa mtu."

Aliponisimulia kwa simu alikuwa bado anacheka. Mimi nilinyamaza. Dozi ya mtoto huhesabiwa kwa kilo za uzito wake, na nukta ikiteleza nafasi moja, dawa inazidi mara kumi. Mtu anayefundishwa kuiweka hiyo nukta mahali pake anafundishwa akiwa na njaa, na sisi tunamwita mwenye nidhamu. Kama huna huruma naye, basi jionee huruma wewe. Siku moja utalala kwenye kile kitanda.

Halafu kuna jambo ambalo washauri hawaligusi kabisa. Wanasema, "Atafute kakazi ka kando." Lini? Sehemu kubwa ya mafunzo ya uuguzi iko wodini, zamu za mchana na za usiku, na saa zake zinahesabiwa na kutiwa sahihi. Ukizikosa, unazirudia. Na kule wodini hakai akitazama. Anapima presha na joto, anatandika vitanda, anaosha wagonjwa, anabadilisha bendeji, anasukuma machela, anamshika mkono mtu anayekata roho. Ni chini ya usimamizi, ndiyo, lakini ni kazi. Nenda hospitali kubwa ya umma asubuhi, hesabu sare za wanafunzi, halafu ziondoe kichwani mwako uone wodi itabaki na nani. Mwanafunzi wa uuguzi tayari ana kazi. Tofauti ni kwamba hii anailipia yeye.

Haikuwa hivi siku zote. Shangazi yetu alisomea uuguzi miaka ya 1980. Alilala hosteli, akala chakula cha hosteli, na mwisho wa mwezi akapewa posho. Ilikuwa kidogo, lakini ilitosha kumnunulia nyanya sukari. Yaani mwanafunzi ndiye aliyekuwa akituma kitu nyumbani. Kisha ikaja sera ya kuchangia gharama. Desemba 1989 wagonjwa wakaanza kutozwa ada katika hospitali za serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 karo ikaingia vyuo vikuu vya umma. Neno lilikuwa "kuchangia". Leo mchangiaji ndiye mlipaji, na aliyekuwa mlipaji anakuja kwenye sherehe ya kufuzu kukata utepe.

Kwa hivyo usiniambie vijana wa siku hizi hawajui kuweka pesa. Shangazi hakuwa na nidhamu kuliko mdogo wangu. Alipenda viatu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mzigo ulitolewa kwenye bajeti ya nchi ukawekwa kwenye daftari la msichana. Mwaka wa 2001 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Kenya bado haijafika hapo. Sijaona video ya kuwashauri wapunguze chai ya semina za hotelini.

Najua utakachosema. "Hata mimi nilisoma kwa shida, nikafika." Hongera, kwa moyo wote. Lakini hadithi za shida tunazisikia kutoka kwa waliofika tu. Aliyeacha mwaka wa pili kwa sababu alizuiwa kufanya mtihani akiwa na deni la karo haitwi kuzungumza kwenye sherehe. Yuko dukani anauza, na akiulizwa anasema uuguzi haukuwa wito wake.

Utasema pia, "Si kuna harambee?" Ipo, na bila harambee mdogo wangu hangeripoti chuoni hata siku ya kwanza. Mungu awabariki waliotoa. Lakini harambee hupenda mwanzo. Grupu ya WhatsApp ya mwaka wa kwanza ilijaa emoji za maombi. Mwaka wa pili watu walianza kutoka kimyakimya, usiku, mmoja mmoja, na siwalaumu. Kila mmoja wao ana daftari lake. Wengine wao wana mdogo wao pia.

Na nidhamu ya pesa yenyewe sina ugomvi nayo. Mimi ninayelipwa mshahara nina vitu vya kukata, na nimevikata. Aliye na kanzu mbili unaweza kumwambia atoe moja. Aliye na moja, unamvua nguo.

Sasa tuseme amejibana, amekopa, amechangiwa, amemaliza. Anafanya mtihani wa leseni. Anakuta nini? Hospitali zisizo na wauguzi wa kutosha na, nje ya lango, wauguzi wasio na kazi au walioajiriwa kwa kandarasi fupi fupi. Mwaka wa 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa karibu miezi mitano, na nchi nzima ikaona hospitali bila wauguzi ni jengo tu. Ungedhani tungekumbuka. Julai 2021 serikali yetu ilitia sahihi mkataba na Uingereza wa kuwapeleka wahudumu wa afya huko. Simlaumu muuguzi anayepanda ndege. Ningekuwa yeye ningeshapakia. Ninachotaka ujue ni kwamba mgonjwa wa Uingereza atahudumiwa na muuguzi ambaye masomo yake yalilipiwa na mama anayeuza sukuma wiki. Tumemfanya mama mboga kuwa mfadhili wa afya ya nchi tajiri, halafu tunamfundisha binti yake kuweka akiba.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Hicho kiwango kina mikono, na mikono hiyo inakula. Kwa hivyo nitakachodai si cha ajabu. Mwanafunzi anayefanya zamu wodini apewe posho ya zamu, hata kama ni nauli na sahani ya chakula kwenye kantini ya hospitali anayoihudumia. Mkopo na ufadhili wa masomo ufike kabla ya muhula kufunguliwa, sio baada ya mtihani. Mwenye deni la karo aandikiwe mpango wa kulilipa badala ya kufungiwa mlango wa mtihani. Na anayefuzu aajiriwe, kwa sababu wagonjwa wapo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kupatikana kwa kukata smocha. Yanapatikana kwa kelele: kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, ambavyo sheria inatuita tuhudhurie na huwa hatuendi, kwa wabunge wanaogawa basari wakitaka tupige makofi kana kwamba wanatoa mfukoni mwao, kwa kumuunga mkono muuguzi anapogoma badala ya kumuuliza ana roho gani.

Na nyumbani, kwa kunyamaza pale tunapopaswa kunyamaza. Mdogo wako akikutumia ujumbe kwamba amekwama, mtumie ulicho nacho au mwambie huna. Usimtumie nasaha. Hesabu yake anaijua kukushinda.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani siku mbili. Nikamwomba daftari, nikaligeuza nyuma, na kwa wino wa buluu nikaandika: chakula cha mchana, 1,500. Nikamwambia hizo nitaziongeza mimi, na nitakapozitoa ni shauri langu. Kalamu nyekundu nikaitia kwenye mkoba wangu.

Akaitazama ile namba kwa muda, akafunga daftari.

"Asante," akasema. "Na karo je, dada?"